Ugonjwa wa akili hupiga hodi kabla ya kurudi

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata kuyasikiliza.)



Leo nina jambo la nyumbani kwangu, na nimeruhusiwa na mwenyewe kulisema. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi redio. Ana kibanda chake hapa mjini, na katikati ya mizoga ya redio za watu ipo moja nzima anayoisikiliza mwenyewe akiwa kazini. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu aliniambia neno lililonichekesha: "Siku hizi mwanao anakuzima." Yaani kila nilipoanza kuzungumza hewani Jumapili jioni, kijana aliinuka akaizima redio. Mimi nikajibu kwamba amenichoka, na wala si yeye peke yake katika nchi hii. Baada ya majuma matatu akaokotwa barabarani usiku wa manane, hana shati, akiwaeleza polisi kwamba mjomba wake anatangaza siri zake kwa taifa zima.

Hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuugua. Ya kwanza ilitukuta gizani, hatukujua lolote, na nadhani hakuna wa kutulaumu. Lakini hii ya pili ilitupigia hodi kwa majuma matatu na mimi nikacheka. Majuma hayo matatu ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita skizofrenia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Kwa sababu ya jina hilo wako wasomi mjini wanaodhani kwamba mgonjwa ni watu wawili ndani ya mwili mmoja, leo mpole kesho muuaji, kama tunavyoonyeshwa kwenye filamu. Sivyo. Kinachopasuka ni uhusiano kati ya mawazo ya mtu, hisia zake na mambo yalivyo hasa. Mgonjwa husikia sauti ambapo hakuna aliyesema. Huamini bila kuyumba kwamba anafuatwa, anawekewa sumu, au anasemwa redioni. Maneno yake hukosa mfuatano. Tena kuna upande wa pili usiopiga kelele, na kwa hiyo hausemwi sana: hamu ya kazi hutoweka, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, mtu hulala mchana kutwa na jamaa wakamwita mvivu.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanao, yaani mtu mmoja katika kila watu 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kama kipimo hicho cha dunia kinatufaa na sisi, basi mkoa huu peke yake una wagonjwa zaidi ya 16,000. Wengi huanza kuugua kati ya miaka ya mwisho ya utoto na umri wa miaka 30, wanaume mapema kidogo kuliko wanawake. Ndio umri ule ambao mzazi alikuwa ameanza kutumaini kupumzika.

Kuhusu chanzo nitapita haraka. Urithi una sehemu yake, matatizo wakati wa kuzaliwa yana sehemu yake, na uvutaji wa bangi, hasa ulioanzwa katika umri mdogo, una sehemu yake. Malezi ya mama hayamo. Hili nalisema kwa ajili ya dada yangu, aliyeambiwa mengi na majirani.

Tiba ya dawa ina umri mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ile ambayo jina lake tunalitumia ovyo katika mizaha, ilianzishwa mwaka 1927. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya ugonjwa huu, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker ndio walioeleza matokeo yake. Piga hesabu mwenyewe: kwa miaka 25 hospitali yetu ilikuwa na vitanda, kuta na walinzi, lakini haikuwa na dawa ya kumpa mtu. Haishangazi kwamba babu zetu waliona kwamba anayekwenda huko harudi. Baadaye zikaja haloperidoli, sindano za kukaa mwilini kwa majuma kadhaa, kisha risperidoni, olanzapini na nyinginezo. Siku hizi mtu huenda akarudi. Swali lililobaki ni namna ya kumfanya asirudi tena kule alikotoka.

Na hapo kazi ni ngumu, nisiwadanganye. Mwaka 1999 watafiti wa New York walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa waliopata nafuu baada ya kuugua mara ya kwanza. Katika miaka mitano, wapatao 82 katika kila 100 waliugua tena, na kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 65 ya dawa hizi: katika muda wa mwaka mmoja hivi, waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa waliugua tena 64 katika kila 100, na walioendelea na dawa 27. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu kuipuuza. Lakini itazameni pia ile 27. Hao ni watu waliopewa dawa na bado ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo anayemeza dawa naye anahitaji mtu wa kusikiliza mlango.

Sasa niseme juu ya mtego mmoja ambao umewanasa watu wengi, na sisi ulitunasa. Mgonjwa wa malaria akiacha dawa katikati, homa humrudia baada ya siku chache, naye hujua kosa lake liko wapi. Ugonjwa huu hauna haraka hiyo. Mtu anaweza kuacha dawa leo, kesho akaamka vizuri zaidi kuliko jana, maana usingizi mzito umeondoka, mikono imeacha kutetemeka, na mate yameacha kumjaa mdomoni. Juma la kwanza linapita, mwezi unapita, na miezi mitatu inapita. Nyumba nzima inasema, "Mmeona? Zile dawa ndizo zilizokuwa zikimchosha." Kama alikuwa anapata sindano ya mwezi, basi dawa huendelea kubaki mwilini muda mrefu hata baada ya kukosa miadi, na udanganyifu unakuwa mkubwa zaidi. Ugonjwa unaporudi mwezi wa nne hakuna anayekumbuka tena siku ile vidonge vilipotupwa. Lawama inamwendea jirani aliyekuwa na ugomvi na mama, au msichana aliyemkataa kijana, au majini wa kwenye mbuyu.

Mpwa wangu aliacha dawa zake katika mkutano wa maombi. Siwasemi vibaya waliomwombea. Maombi yaliisha salama, na jioni ile kijana alikuwa na furaha kuliko nilivyomwona kwa mwaka mzima. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuomba akiwa amemeza dawa, na hakuna dini ninayoijua inayokataza jambo hilo. Ndugu zetu Waislamu nao hupata tatizo la namna hiyo mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anaposimamisha dozi ya asubuhi na ya mchana. Dawa nyingi za ugonjwa huu zinaweza kupangwa zikamezwa mara moja usiku, ila mpango huo ufanywe na daktari kabla ya mfungo, usingojee mwezi uandame.

Turudi kwenye hodi. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Marvin Herz na Charles Melville, walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa 145 na ndugu 80 juu ya siku zilizotangulia kurudi kwa ugonjwa. Wagonjwa wapatao 7 katika kila 10 walisema waliona mabadiliko. Kwa upande wa ndugu, zaidi ya 9 katika kila 10 walisema hivyo. Na mabadiliko waliyoyataja mara nyingi hayakuwa ya kutisha hata kidogo. Usingizi kupungua, kula kidogo, wasiwasi, kutotulia, kushindwa kuweka mawazo mahali pamoja, kutofurahia tena mambo aliyokuwa akiyafurahia. Sauti na imani za ajabu kwa wengi huja nyuma. Yaani mlango unagongwa kwa kidole kimoja, na sisi tunangojea teke.

Muda kati ya dalili za kwanza na ugonjwa wenyewe kwa wengi ni majuma mawili hadi manne. Kwa wengine ni siku chache tu. Muda huo ndio mtaji wetu wote.

Lakini kuna shida, na msikilizaji mwerevu ameshaiona. Nani katika mji huu halali vibaya? Nani hana wasiwasi kodi ya nyumba inapokaribia? Kama kila usiku mbaya ni ugonjwa, basi sote tupange foleni kliniki. Jibu zuri la swali hili lilitolewa na mwanasaikolojia Max Birchwood na wenzake wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1989. Walieleza kwamba kila mgonjwa ana namna yake mwenyewe ya kuanza kuugua, kama vile kila mtu ana sahihi yake. Dalili za jumla zinafanana kwa wengi, lakini mpangilio wake na vituko vyake vidogo ni vya mtu huyo, na mara nyingi hujirudia. Hivyo kinachotafutwa ni zile alama zilizotangulia mara iliyopita, kwa mtu huyu, katika nyumba hii.

Sisi tulifundishwa kuzitafuta na muuguzi mmoja wa kliniki, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Mpwa wangu alipopata nafuu, akatuita wote watatu, kijana, mama yake na mimi, akasema, "Leteni kalenda. Tuanze siku aliyokamatwa, turudi nyuma." Tukarudi nyuma siku kwa siku. Siku mbili kabla hakwenda kazini. Juma moja kabla alikuwa akifua nguo saa nane za usiku, nguo ambazo zilikuwa safi. Kabla ya hapo aliacha kunywa chai kwa mama ntilie aliyemnunulia miaka yote, akawa anakula mayai ya kuchemsha na ndizi basi. Dada yangu alidhani anabana matumizi. Kijana mwenyewe ndiye aliyetueleza, akitazama chini, kwamba yai lina ganda na ndizi ina ganda, na mtu hawezi kutia sumu ndani yake bila kuacha alama. Na kabla ya yote hayo, majuma matatu nyuma, alianza kumzima mjomba wake.

Muuguzi akaandika nyuma ya kadi ya kliniki: kufua usiku, mayai na ndizi, kuzima redio. Kiukweli sijapata kuona andiko fupi lenye maana kubwa kama lile. Kwa mgonjwa mwingine itaandikwa kuvaa kofia ndani ya nyumba, au kuandika barua kwa wakubwa wa serikali, au kuacha kuoga, au kuomba msamaha kwa kila mtu, au kuswali mfululizo bila kulala. Hakuna la aibu hapo. Na jambo moja la kusikitisha na la kutia moyo kwa pamoja: mwenyewe alikuwa ameziona dalili hizo siku za mwanzo. Alijua anateleza. Hakusema kwa sababu aliogopa kwamba akisema tu, atafungwa kamba na kupelekwa.

Ndipo kijana akasema neno ambalo nimelikumbuka hadi leo. "Mama, mkianza kunichunga kama mwizi, hapo ndipo nitakapougua." Na ukweli ni kwamba sayansi iko upande wake. Tangu miaka ya 1950 mtafiti George Brown wa London alianza kuchunguza kwa nini wagonjwa waliotoka hospitali wakiwa sawa walirudi kwa viwango tofauti kutegemea walikokwenda kuishi. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 101 kwa miezi tisa. Katika nyumba zilizojaa lawama, uhasama, au ndugu aliyejiingiza mno katika kila pumzi ya mgonjwa, 58 katika kila 100 waliugua tena. Katika nyumba tulivu, 16. Wengine wamelichukua jambo hili kuwa rungu la kuwapigia wazazi, na hilo ni kosa. Mzazi anayefoka mara nyingi ni mzazi aliyechoka, ambaye hajalala majuma mawili na hajaelezwa kitu. Ila ni kweli kwamba kumwambia mtu "mvivu wewe" mara kumi kwa siku, au kumfungulia mlango wa choo kuona anafanya nini, ni mzigo kwa ubongo ambao tayari una kazi nyingi.

Kwa hiyo tukafanya mapatano, naye akiwa mzima na mwenye kauli. Kwanza, ni watu wawili tu wenye ruhusa ya kumuuliza, mama yake na mimi. Majirani, wajomba wengine na mashemeji hawamo. Pili, hakuna kuuliza "umemeza dawa?" mbele ya watu. Tatu, yeye mwenyewe alichagua neno la kutumia, na kwa kuwa ni fundi redio alichagua neno la kazi yake. Mama huuliza, "Mwanangu, betri vipi?" Akijibu imejaa, na hakuna alama yoyote ya kwenye kadi, mazungumzo yamekwisha, tunaendelea na habari za mpira. Akijibu inapungua, au alama mbili za kwenye kadi zikionekana kwa siku mbili mfululizo, tunakwenda kliniki siku ya tatu asubuhi, naye alikubali hivyo kwa sahihi yake.

Sasa huko kliniki hufanyika nini? Swali la kwanza la daktari mzuri huwa ni kama dawa inamezwa kweli, tena huuliza bila ukali, maana ukali huzaa uongo. Kama iliachwa, huanzishwa tena. Kama inamezwa, daktari anaweza kuongeza dozi kwa muda, au kubadili dawa, au kupendekeza sindano kwa mtu anayesahau au anayechoka na vidonge vya kila siku. Anaweza kutoa dawa ya usingizi kwa siku chache, kwa kuwa kukosa usingizi ni dalili na pia ni kuni za kuchochea moto. Mgonjwa huitwa tena baada ya siku mbili tatu badala ya mwezi. Huko nyumbani kelele hupunguzwa, mambo mazito kama kesi ya kiwanja au maandalizi ya harusi huwekwa pembeni, na pombe na bangi hukatazwa kabisa. Kazi nyepesi aliyoizoea asinyang'anywe.

Kuongeza vidonge nyumbani kwa kukisia ni hatari, na nitaeleza kwa nini. Baadhi ya dawa hizi, haloperidoli ikiwamo, zinaweza kumletea mtu hali ya kutotulia miguuni, anakaa anainuka, anatembea chumba kizima, hawezi hata kumaliza sahani ya chakula. Kwa macho ya ndugu huo ni ugonjwa unarudi. Kumbe ni dawa yenyewe, na ukiongeza kidonge unaongeza mateso. Kutofautisha hayo mawili kunataka mtu aliyesomea. Hali kadhalika shingo ikipinda ghafla, au macho yakipanda juu yakakwama, si jini. Ni madhara ya dawa, yana tiba, na nafuu hupatikana upesi hospitalini. Mpeleke saa ile ile.

Wako watakaouliza: ikiwa dalili zinajulikana, kwa nini mtu asiache dawa kabisa, akazianza tena pale zinapojitokeza? Swali zuri, na madaktari wa Ulaya na Marekani walilijaribu miaka ya 1980 na 1990. Walioachishwa na kurudishiwa kwa mtindo huo waliugua zaidi kuliko walioendelea na dawa kidogo kidogo kila siku. Hodi nyingine ni fupi mno. Kinyume chake, jaribio la Herz na wenzake lililochapishwa mwaka 2000 liliunganisha yote mawili, dawa bila kukatiza na ufuatiliaji wa dalili kila juma. Kati ya wagonjwa 82, waliopata mpango huo waliugua tena 17 katika kila 100 kwa miezi 18, na waliopata matibabu ya kawaida 34. Ni nusu.

Ni muda gani wa kumeza dawa? Baada ya kuugua mara ya kwanza, ushauri wa kawaida ni mwaka mmoja hadi miwili angalau tangu mtu apone. Aliyeugua mara kadhaa huambiwa miaka mitano au zaidi, na wengine maisha. Anayetaka kupunguza apunguze polepole na daktari wake, dalili zake zikiwa zimeandikwa na mtu wa kuzitazama akiwapo. Kwa wale ambao dawa mbili tofauti zimeshindwa kuwasaidia ipo klozapini. Ina nguvu pale nyingine zinaposhindwa, ila inaweza kushusha chembe nyeupe za damu kwa hatari, kwa hiyo damu hupimwa kila juma katika miezi ya mwanzo. Bila maabara ya kuaminika, isianzishwe.

Mambo mengine hayangoji siku ya tatu. Mgonjwa akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akizungumzia kufa, akiaga watu na kugawa vitu vyake, au akikataa kula na kunywa kabisa, twende hospitali usiku huo huo. Uchunguzi unaonyesha kwamba wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 wa skizofrenia hufa kwa kujiua. Baadhi yao hufanya hivyo wakati akili imetulia, wameshaona vizuri yale waliyoyapoteza. Kwa hiyo ukimya baada ya kupona nao uulizwe habari.

Nisingependa kumaliza bila kusema neno kwa upande wa pili wa dirisha. Mwaka juzi betri ya mpwa wangu ilipungua. Mama yake aliona mayai, mimi nikaona nimezimwa, kijana mwenyewe akasema, tukaenda siku ya tatu kama tulivyopatana. Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, tukaambiwa dirishani, "Dawa hizo zimekwisha, rudini Jumatatu." Ilikuwa Jumatano. Aliyetujibu hakutuuliza mgonjwa ni nani wala ana hali gani, na mgonjwa alikuwa amesimama pale pale mbele yake, mtu aliyejileta mwenyewe kwa miguu yake kabla ya kuugua, jambo ambalo kila kitabu cha uganga kinaliomba. Tulizunguka mji hadi saa kumi jioni ndipo tukapata. Tangu siku hiyo dada yangu hangojei kidonge cha mwisho. Zikibaki za siku kumi anakwenda, na cheti cha daktari anatembea nacho kwenye mkoba kama kitambulisho.

Mara ile hakulazwa. Alikaa nyumbani majuma mawili, dozi ilipandishwa ikashushwa tena, kibanda kikafunguliwa.

Jana nilimpelekea karatasi hizi azisome kabla sijaja hapa studio. Aliniamkia, akakaa akasoma zote, akanisahihisha mahali pawili kuhusu tarehe, na akafuta sentensi moja ambayo sitawaambia. Kisha akasema, "Mjomba, waambie na madaktari watuulize habari za mikono. Mimi natia risasi kwenye waya nyembamba kama nywele. Kabla hawajanipunguzia dozi nilikuwa naharibu redio za watu, na nilikuwa tayari kuacha dawa kwa ajili hiyo, wala nisingemwambia mtu."